Yangeyange wa Mama Buluu

Yangeyange walipohamia kwenye mgunga wa uani, mtu wa kwanza kuwatangazia vita alikuwa Mama Buluu mwenyewe. Na haki alikuwa nayo. Dobi anaishi kwa weupe wa nguo za watu, na yangeyange, pamoja na weupe wake wote, ana tumbo lisilojua adabu. Ukianika shati la karani wa benki saa tatu, saa nne lina ramani mgongoni. Mama Buluu alipiga madebe. Alitundika makopo yagongane kwa upepo. Alirusha vijiwe mpaka bega likamvimba. Ndege waliruka, wakazunguka mara mbili juu ya mabati, wakarudi palepale kama watoto waliofukuzwa jikoni.

Jina hilo la Buluu alipewa na wateja, kwa sababu ya ile bluu ya unga anayosuuzia mashati meupe. Ilikuwa imemwingia vidoleni, kucha na vyote, na haikutoka hata akijisugua kwa jiwe. Mji wenyewe mdogo, watu wanajuana kwa kikohozi. Ukimwambia mtu yeyote sokoni, "Mpelekee Mama Buluu," hakuulizi yupi.

Mwaka wa pili wa ndege wale, aliandika barua ofisi ya mji kuomba mti ukatwe. Akajibiwa kwa karatasi yenye muhuri: mti uko ndani ya uzio wako, ni mali yako, ofisi haihusiki. Akamwita fundi wa msumeno. Fundi akautazama mgunga, akatazama miiba yenye urefu wa kidole, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi mahali pengine. Basi Mama Buluu akafanya kama wafanyavyo watu wenye akili wanapopata jirani mbaya. Alisogeza kamba zake upande mmoja, akatandaza juu yake turubai kuukuu la lori, maisha yakaendelea.

Kuna jambo moja ambalo hakulisema kwa mtu. Mumewe alikuwa mchukuzi kwenye ghala la saruji mpaka siku rundo la mifuko lilipomporomokea mguuni. Tangu hapo, miaka sita sasa, alikuwa akikaa kwenye kiti kando ya mlango wa jiko, akikunja mashuka na kutafutia kila soksi mwenzake. Mtu aliyekuwa na maneno mengi akawa kama redio iliyoishiwa betri. Yangeyange ndio waliomrudishia sauti.

"Wale wa tawi la chini wametotoa," alikuwa akimwambia mkewe asubuhi.

"Wametotoa kazi yangu," alijibu Mama Buluu, mikono imezama kwenye beseni.

"Vitatu. Kimoja ni kidogo sana, wenzake wanakipokonya."

Naye hakuinua macho, ila jioni aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na kile kidogo, kimekula?"

Ng'ambo ya kichochoro palikuwa na nyumba ya wageni, na mwenye gesti hiyo ndiye aliyekuwa mteja mkubwa kuliko wote. Kila shuka lililolaliwa pale lilifuliwa na Mama Buluu. Mwaka huo akaongeza ghorofa, akaweka na roshani ya vyuma vya kujipinda, na roshani ikaangaliana uso kwa uso na viota. Wageni wakaanza kulalamika: harufu, kelele za alfajiri. Gari lake jeusi aliloliegesha kichochoroni, chini ya tawi moja lililovuka uzio, likawa na madoadoa kama kanga.

Mara ya kwanza alikuja kistaarabu. "Mama, huu mti utatukosanisha."

"Baba, huu mti umenikosanisha na mashati ya mji mzima, na bado upo. Lisogeze gari hatua kumi."

Hakulisogeza. Alikuwa mtu wa kusogezewa.

Jumatatu moja Mama Buluu alikwenda hospitali kupeleka sare za manesi. Aliporudi, kapu tupu kichwani, alimkuta mumewe amesimama, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, mguu mbovu unamtetemeka. Kwenye shina la mgunga palikuwa na alama ya kukata, mistari miwili ya rangi nyekundu iliyopishana, bado inachuruzika. Na matone ya rangi ileile yalikuwa yamerukia gauni jeupe la nesi mkuu lililokuwa kwenye kamba ya karibu.

"Nani?" aliuliza.

"Watu wawili wa ofisi ya mji, na mwenye gesti. Hawakupiga hodi. Wamesukuma lango kama wanaingia chooni. Nikawauliza mnafanya nini kwenye ua wa watu, wakaniambia, kaa chini mzee, hayakuhusu."

Mama Buluu alitua kapu. "Ukakaa?"

"Sikukaa."

Juu ya jiwe la kufulia waliacha barua, wameikandamizia kipande cha sabuni yake mwenyewe. Alifuta mikono kwenye kitenge akaisoma, kisha akairudia. Mti ni hatari kwa afya ya umma. Utakatwa Ijumaa. Atakayezuia atachukuliwa hatua. Mihuri ilikuwa mitatu.

Kama wangepiga hodi, huenda hadithi hii isingekuwepo. Yeye mwenyewe alishautaka mti ule uanguke. Lakini alilitazama gauni lenye madoa mekundu, akamtazama mumewe ambaye bado alikuwa amesimama kwa ukaidi, kisha akasikia juu vifaranga wakilia kwa sauti ile yao ya vyura wenye njaa, akaikunja barua.

"Hayakuhusu," alirudia taratibu. "Haya. Tutaona yanamhusu nani."

Jumanne alikwenda ofisini na ile barua ya zamani, ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Alipokelewa na bwana mazingira, kijana mwenye kalamu nne mfukoni na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye kopo. Alisoma barua akairudisha.

"Hii aliiandika aliyenitangulia, mama."

"Na mti aliupanda aliyenitangulia mimi. Sasa tufanyeje, tuwaite?"

Kijana alikohoa. "Mti umekuwa kero."

"Najua. Mimi ndiye niliyewaandikia kwamba ni kero, mkaniambia hamhusiki. Sikiliza, mwanangu. Nipe siku thelathini tu. Vifaranga wapo viotani, bado hawajaota manyoya. Wakiruka, tawi lile la kichochoroni nitawaruhusu mlikate. Mti wenyewe utabaki, uko ndani kwangu."

"Mama, ni ndege tu."

"Kama ni ndege tu, mbona mihuri mitatu?"

Alicheka kidogo, halafu akakumbuka cheo chake. "Ijumaa, mama. Imeshapitishwa."

"Na vifaranga?"

"Vibarua watakuwa na magunia."

Mama Buluu alikunja barua yake, akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya maishani mwake. Njiani alipita mbele ya gesti. Mwenyewe alikuwa kwenye ngazi anachokoa meno.

"Nasikia ulikuwa ofisini," alisema. "Mashuka ya wiki hii usitume mtu kuyachukua. Tusubiri mambo yakae sawa kwanza."

Hapo ndipo mtu mwingine angelainika. Mashuka yale ndiyo yaliyokuwa yakiweka chungu jikoni kwa Mama Buluu. Alisimama, akamwangalia mwenye gesti bila kupepesa.

"Ya wiki iliyopita yameshakauka, utaletewa leo, yamekunjwa na mzee uliyemwambia akae. Ya wiki hii fua mwenyewe. Maji ni yaleyale."

Alitembea mpaka akafunga lango lake. Ndipo akakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. "Mke wangu, tuache," alisema. "Ofisi haigombani na dobi. Inampita juu tu."

"Basi safari hii itazunguka."

"Tutakula nini?"

"Tutakula tulichokula kabla gesti haijajengwa. Wewe niambie kitu kimoja. Wanahitaji siku ngapi mpaka waruke?"

Aliinua uso kwenye matawi. "Wale wa juu wiki tatu. Wa chini, mwezi na kitu."

"Na kile kidogo?"

"Kile mwezi na nusu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akatabasamu. "Kizito kujifunza, kama mimi."

Usiku huo hakupanga kitu, alilala. Mpango ulimjia Jumatano asubuhi wakati anafunga kamba iliyolegea. Alikuwa ameizungusha kwenye shina la mgunga ili aivute, akaiangalia kamba, akaliangalia shina, akasema peke yake, "Kumbe."

Siku mbili zile alizunguka mji kama mtu anayealika watu arusini. Alikwenda hospitali akachukua mashuka na magauni. Alikwenda kituo cha polisi, benki, kwa fundi seremala, kwa mwalimu mkuu. Alikwenda mpaka nyumbani kwa mkurugenzi wa mji, ambako mkewe alikuwa mteja wake wa miaka mingi, akamwambia, "Mama, mapazia yale ya sebuleni yameingia vumbi, nipe niyafue," naye akampa na shukrani juu. Alhamisi kutwa alifua. Mumewe alikamua akiwa kitini, mishipa ya mikono imemsimama, maji yanamtiririkia miguuni, na hakulalamika hata mara moja.

Ijumaa jua lilipopanda, mgunga haukuonekana shina. Kamba tisa zilitoka kwake kwenda kila upande: ukutani, jikoni, kwenye nguzo ya choo, kwenye uzio, na tena kwenye uzio. Kila kamba ilikuwa imejaa. Turubai na mashuka yake mwenyewe yaliyochakaa yalitandazwa juu kuzuia balaa la ndege. Hapakuwa na njia ya kufika mtini ila kwa kupasua nguo za mji.

Saa tatu wakaja: fundi wa msumeno yuleyule, vibarua wanne wenye magunia, bwana mazingira na mwenye gesti. Safari hii walipiga hodi.

"Karibuni," alisema Mama Buluu, akiendelea kubana soksi. "Ila msiguse nguo za watu."

"Anua nguo, mama, tufanye kazi," alisema bwana mazingira.

"Hazijakauka."

"Zitakauka saa ngapi?"

"Hilo muulize jua."

Kijana alishika ncha ya pazia la maua ili aliinue apite. Mama Buluu hakumzuia. Alisema tu, kwa upole, "Hilo la nyumbani kwa mkurugenzi wako. Ukilianua, ulipeleke mwenyewe, pamoja na unga wa msumeno, na umweleze mkewe vizuri. Mimi sitajua la kumwambia."

Kijana aliliachia pazia kana kwamba limemuunguza.

"Huu ni ujanja," alisema mwenye gesti. "Mwiteni askari."

Askari waliitwa, na kwa kuwa kituo hakiko mbali, wakafika upesi, wawili. Mkubwa wao alisikiliza pande zote, mikono nyuma, huku macho yakisafiri kwenye kamba.

"Shati langu la gwaride liko wapi?" aliuliza.

"Kamba ya nne, afande."

"Limekauka?"

"Bado kola."

Askari alimgeukia bwana mazingira. "Mnao mti wenu wa kukata, sawa. Lakini hizi ni mali za watu, na sioni amri hapa ya kuziharibu. Na mama hana silaha. Ana vibanio."

Vibarua walicheka. Mwenye gesti hakucheka. Alipita chini ya kamba mbili, ameinama, kichwa kikipigwa na miguu ya suruali, mpaka akafika kwenye shina. Na pale shinani, mgongo umeegemea ile alama nyekundu, alimkuta mume wa Mama Buluu. Hakuna aliyemwona alivyofika. Alikuwa amejikongoja kwa fimbo kati ya mashuka kabla hawajaja.

"Mzee, toka hapo. Kakae chini."

"Nimekaa miaka sita," alisema mzee.

Mguu ulikuwa ukimtetemeka mpaka gome la mti lilikuwa likitoa vumbi, lakini hakusogea. Mama Buluu alitaka kumpelekea kiti. Akajizuia.

Walisimama hivyo mpaka fundi wa msumeno akaweka chombo chake begani. "Mimi nina kazi mahali pengine," alisema.

"Tutarudi Jumatatu," alisema bwana mazingira.

"Karibuni. Jumatatu ni siku ya mablanketi. Na blanketi, mwanangu, halikauki upesi."

Usidhani siku zilizofuata zilikuwa za kuchekelea. Walirudi Jumatatu, wakarudi Alhamisi, wakarudi wiki iliyofuata bila kusema siku. Kamba ilibidi ziwe zimejaa tangu asubuhi hadi machweo, nguo ziwepo zisiwepo. Zilipokauka alizirudishia maji. Sabuni ilimpasua viganja, vikatoa damu, akavifunga kwa vitambaa akaendelea. Wateja wengine walimkimbia: mwalimu mkuu alichukua suruali zake akasema hapendi ugomvi na ofisi, na hakurudi. Ila wengine walikuja ambao hakuwatarajia. Mke wa seremala alileta kapu la nguo safi kabisa, zimepigwa pasi. "Hizi usizifue," alisema. "Zianike tu." Nesi mkuu alilichukua gauni lake lenye rangi nyekundu, akaenda nalo ofisi ya mji kila siku akitoka kazini, akalitandaza juu ya meza ya bwana mazingira, akauliza lingine liko wapi. Inasemekana ni yeye aliyemchosha kijana kuliko kamba zote tisa.

Wiki ya tatu, ndege mmoja alipata tundu kwenye turubai. Katika nguo zote za ua mzima, akachagua pazia la mkurugenzi. Mama Buluu aliliona doa, likiteremka taratibu kwenye maua aliyokuwa ameyasugua mara nne. Alisimama mbele yake muda mrefu. Machozi yakamtoka, akainua uso.

"Ninyi nanyi," aliwaambia, "hamna hata haya."

Kisha akalitoa pazia kwenye kamba, akalirudisha kwenye beseni.

Vifaranga wa juu walianza kuruka, halafu wa kati. Wa chini walikaa ukingoni mwa viota kwa siku kadhaa, wanapigapiga mabawa na kuogopa. Mumewe sasa alikuwa hakai tena mlangoni. Kila asubuhi alitembea kwa fimbo mpaka chini ya mti na kurudi, akaanza kwenda mpaka langoni, na siku moja alifika dukani, akarudi na kiberiti ambacho hakuna aliyemtuma. Kile kifaranga kidogo kiliruka cha mwisho, wiki ya saba, kikaangukia juu ya mabati ya jiko, kikakaa pale nusu siku kimekasirika, halafu kikaenda zake.

Baada ya hapo bwana mazingira alikuja peke yake, bila msumeno, akapiga hodi mara tatu. Alileta karatasi ya makubaliano. Mti utabaki. Tawi la kichochoroni litakatwa. Mama Buluu aliisoma yote, na chini kabisa akakuta sentensi isemayo kwamba yeye, mwenye ua, anakiri alikosea kuzuia kazi ya ofisi, na anaomba radhi.

"Tawi chukueni," alisema. "Niliwapa mwenyewe tangu siku ile. Radhi sina."

"Ni sentensi moja tu, mama. Wakubwa wanaitaka."

"Nami ndiyo maana nashangaa, kitu kidogo hivyo wanakitamani namna hiyo. Nilikosea wapi? Kuanika?"

Kijana alijikuna shingo. Alitazama kamba, ambazo siku hiyo zilikuwa na nguo chache za kawaida, akatazama viganja vya mama huyu vilivyofungwa vitambaa. Akatoa kalamu moja kati ya zile nne, akaikata sentensi ile kwa mstari.

"Weka na sahihi yako pembeni," alisema Mama Buluu, "wasije wakasema nimekata mimi."

Akaweka.

Fundi wa msumeno alilikata tawi Jumamosi. Miiba ilimchoma mara tano, na Mama Buluu alimpa sindano ya kuitolea, na chai. Gari jeusi likaacha kuwa na madoa.

Mashuka ya gesti hayakurudi. Kwa miezi miwili jikoni palikuwa pakavu, walikula mara moja kwa siku na kusema wameshiba. Kisha zikaja nguo za hoteli ndogo ya karibu na stendi, na za wodi mpya ya wazazi, wakapumua. Mwenye gesti alikuwa amenunua mashine ya kufulia, lakini maji ya mji ule yana chumvi, na haikuchukua muda mashuka yakaanza kugeuka rangi ya chai. Siku moja mhudumu wake, msichana mpole, alisimama langoni.

"Bosi anasema mashuka unaweza kuyapata tena," alisema. "Ila uje mwenyewe umwombe."

Mama Buluu alikuwa akikamua blanketi, yeye upande mmoja, mumewe upande wa pili, amesimama.

"Mwambie asante," alisema. "Mwambie njia ya kuja kwangu anaijua, aliwahi kuipita bila hodi. Safari hii apige, tutamfungulia."

Msichana alisita, akitafuta jibu laini zaidi la kupeleka. Halikuwepo. Mama Buluu alikaza mikono, mumewe akakaza upande wake, na maji yakamwagika chini.